PIMENI KABLA YA KUFUNGUA



Mlituomba sisi wa karakana tuseme machache juu ya makosa ya stima katika mtambo wa kupoza hewa ya motokaa. Tunasema kwa sababu jambo hili limekwisha kumgharimu mwenzetu. Alipewa gari ambalo feni yake haizunguki. Akatia mota mpya, na feni ikakataa vile vile. Bei ya mota ikakatwa katika mshahara wake. Kumbe kosa lilikuwa waya mmoja ulioliwa na kutu, ule unaorudisha stima kwenye chuma cha gari.

Basi na tushike utaratibu.

Kwanza ni fyuzi. Msiitazame kwa macho tu. Washeni swichi ya gari, mpime ncha zake zote mbili. Stima ikiwa upande mmoja tu, fyuzi imekatika. Tieni nyingine ya ampea zile zile. Ya 30 isikae mahali pa ya 20, wala waya mtupu, maana fyuzi hufa ili nyaya zisiungue. Ikikatika tena, tafuteni sababu.

Pili, jaribuni mwendo wote wa feni. Ikizunguka kwa mwendo wa juu tu, mota ni nzima. Mara nyingi iliyoungua ni rezista ya kupunguza mwendo.

Tatu, isipozunguka kabisa, wekeni mwendo wa juu, mpime kwa meta kwenye plagi ya mota ikiwa imechomekwa. Mkipata karibu volti 12 kati ya nyaya zake mbili, na mota imelala, mota imekufa. Lakini mkipata volti 12 kati ya kila waya na chuma cha gari, njia ya kurudi imekatika. Ifuateni hiyo. Hapo ndipo mwenzetu alipopotea.

Nne, feni yavuma lakini hewa haipoi. Tazameni klachi ya kompresa. Stima ikiifikia nayo haishiki, pimeni koili yake. Isipoifikia, huenda swichi ya presha imeikata kwa kuwa gesi imepungua. Msiipite swichi hiyo kwa waya: oili ya kompresa huzunguka pamoja na gesi, na gesi ikipungua kompresa hukauka na kuharibika.

Katika magari yenye kompyuta tumieni meta, si taa ya balbu, maana balbu huvuta stima nyingi na yaweza kuunguza kompyuta.

Mwisho, ndugu, kila kipimo kiandikwe daftarini: mahali gani, volti ngapi, siku gani. Mwenzetu aliposimama mbele ya msimamizi hakuwa na karatasi, na sisi tuliokwenda kumtetea hatukuwa na la kuonyesha ila maneno. Daftari ni la bei ndogo. Mota ilimla mshahara.