Injini Ikifa, Nani Atalipa?

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya Kitui na Makueni)



Leo tuzungumze juu ya injini ya pampu. Wengi wenu mnaolima kando ya Mto Athi, upande wa Makueni au ule wa Kitui, mmenunua pampu ya dizeli kwa pesa za mwethya. Tuseme inakufa mwezi wa nane, nyanya zimetoa maua na mvua bado iko mbali. Karatasi ya waranti inasema mwaka mmoja, nanyi mmeitumia miezi saba tu. Je, muuzaji atalipa?

Inategemea ni nini kilichoiua. Waranti hulipia kasoro ya kiwandani, kama chuma kilichotengenezwa vibaya. Hailipii uzembe wa mwenye mali. Kwa hivyo kwanza chanzo kijulikane.

Injini husema kabla ya kufa. Moshi mweusi mara nyingi ni filta ya hewa kuzibwa na vumbi, na vumbi letu mnalijua. Moshi wa bluu ni oili inayoungua ndani, pengine ringi za pistoni zimelika. Kwa injini inayopozwa na maji, oili ikigeuka rangi ya maziwa, maji yameingia. Ikikwama ghafla, pimeni oili kabla ya kumlaumu mtu. Tena angalieni dizeli mnayonunua kwa mitungi. Ikichanganywa na mafuta ya taa, inapunguza ule utelezi unaolinda vyuma vya kusukuma mafuta. Mwaka 2018 Serikali iliongeza ushuru wa mafuta ya taa ili kuzuia uchanganyaji huo.

Sasa, injini imekufa. Msimwite fundi wa sokoni aifungue! Ikishafunguliwa, muuzaji atasema fundi ndiye aliyeiharibu, nanyi mtakosa la kujibu. Toeni oili kidogo, muiweke kwenye chupa safi. Andikeni tarehe, saa, moshi ulioonekana na nani alikuwa zamu. Ipelekeni injini pamoja na risiti, waranti na daftari la kubadilisha oili. Muuzaji akikataa kulipa, aandike sababu. Maneno ya mdomo msiyakubali.

Mjue pia kwamba Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, na fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Mkishindwa kuelewana, iko Mahakama ya Madai Madogo, kwa madai yasiyozidi shilingi 1,000,000. Mnaweza kujisemea wenyewe bila wakili. Lakini huko nako mtaulizwa: daftari liko wapi?

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi mkirudi nyumbani, chagueni mmoja wa kuandika kila mara oili inapobadilishwa na filta inaposafishwa. Jasho la akina mama limo ndani ya injini ile.