Dodoso Ndani ya Simu

Mwalimu wa darasa naomba aandike ubaoni maneno haya: DODOSO, na PROGRAMU HURIA. Yasomeni pamoja, silabi kwa silabi, kisha tuanze.

Dodoso ni orodha ya maswali anayokuja nayo karani wa utafiti nyumbani kwako. Maji mnateka wapi? Mtoto amechanjwa? Zamani karani alijaza majibu katika karatasi, akazipeleka mjini, na huko mtu mwingine akayanakili katika kompyuta, moja baada ya moja. Sasa fikirini. Mvua ikinyesha njiani? Mwandiko usiposomeka? Saba ikisomwa kuwa moja, mtoto wa miaka 7 amekwisha kuwa wa mwaka 1, na hesabu ya chanjo imeharibika.

Mwaka 2008 profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Washington, katika mji wa Seattle huko Marekani, jina lake Gaetano Borriello, alianza na wanafunzi wake kutengeneza programu ya kuondoa taabu hiyo. Waliiita Open Data Kit, kwa kifupi ODK. Programu ni maagizo yanayoiambia simu ifanye nini. ODK huiambia simu: uliza swali hili, ngoja jibu, uliza linalofuata. Mtu akisema hana watoto, ruka maswali ya watoto. Karani akiandika kwamba mtu ana miaka 200, kataa. Tena wakati wa kuuliza haihitaji mtandao. Majibu hukaa ndani ya simu mpaka karani afike mahali penye mtandao ayatume. Hilo ndilo nilipendalo zaidi, maana laonyesha kwamba waliobuni chombo hiki walifikiri habari za vijijini.

Katika magharibi ya Kenya, mpango wa afya wa AMPATH, wenye makao yake Eldoret, ulikuwa miongoni mwa wa kwanza kuitumia. Washauri wake walipita nyumba kwa nyumba wakiwapima watu virusi vya UKIMWI, wakaandika majibu katika simu.

Sasa neno letu la pili. Watengenezaji wengi huficha maagizo ya programu zao. Ni kama kuuziwa pampu ya kisima iliyozibwa kabisa: ikiharibika, sharti umngoje aliyekuuzia. Programu huria ni pampu iliyokuja na mchoro wake na spana. Kila mtu ana ruhusa kusoma maagizo ya ODK, kuyatumia, kuyageuza, bila kulipa ada. Watengenezaji wakawaalika wengine: mwenye kuona kosa aseme, mwenye ujuzi alitengeneze, mwenye lugha atafsiri. Programu nyingine, kama KoboToolbox, zimejengwa juu ya kazi hiyo hiyo. Borriello alifariki mwaka 2015, na ODK inaendelea kutengenezwa hata leo.

Pengine mtasema, "Sisi ndio kwanza tunajifunza kusoma, tutachangia nini?" Mtachangia lugha. Simu hukataa miaka 200, lakini haiwezi kujua kwamba swali halieleweki. Karani akimwuliza mzee wa Kimijikenda, "Kaya yako ina watu wangapi?" mzee aweza kushangaa, maana kaya kwake ni pia ule msitu mtakatifu wa mababu. Wenye ofisi waliona neno zuri la kitabuni tu. Basi swali lisipoeleweka, usijibu ili kumridhisha mgeni. Mwambie, "Swali hili hatulisemi hivyo hapa." Dodoso la simu laweza kusahihishwa bila kuchapa karatasi upya.

Jambo moja lisiwachanganye. Kilicho wazi ni chombo, si majibu yako. Jibu la mtu aliyepimwa kule magharibi ya Kenya ni siri yake, hata kama programu iliyolibeba yasomwa na dunia nzima. Na uzuri wa chombo hautuambii mwenye kukitumia atafanya nini. Kwa hiyo ulizeni: Nani ametuma utafiti huu? Majibu yatawekwa wapi? Jina langu litaandikwa? Sensa ya serikali ni sheria, lakini utafiti ni hiari. Una haki ya kukataa, au kuacha katikati. Ukipewa fomu ya kukubali, isome mwenyewe, hata kama karani ana haraka. Asubiri.

Kazi ya juma hili: kila mmoja aandike maswali matatu juu ya maji ya kijijini, ampe jirani yake ayajibu. Jirani akiuliza, "Una maana gani?" futa swali hilo uliandike upya. Mwalimu atayakusanya siku ya somo lijalo. Kwaherini.