FEDHA ZA KUHIFADHI MAENEO YETU YA VITA

(Maelezo ya mazungumzo ya Ofisa Habari wa Wizara mbele ya wafanyakazi wa Serikali na wakaazi wa Mji Mkongwe)




Kila apitaye Forodhani hupita penye uwanja wa vita. Tarehe 27 Agosti, 1896, baada ya saa 3 za asubuhi, manowari za Kiingereza ziliyapiga mizinga majumba ya kifalme, kwa kuwa Sayyid Khalid bin Barghash alikataa kuondoka. Mapigano hayakutimia saa moja. Watu wapatao 500 wa upande wake waliuawa au kujeruhiwa. Kwa Waingereza alijeruhiwa baharia 1. Beit al-Hukm iliangamia na haikujengwa tena. Beit al-Ajaib ilisalimika.

Lakini jumba lililosalimika na mizinga halikusalimika na uchakavu. Tarehe 25 Disemba, 2020, likiwa katika matengenezo, sehemu yake iliporomoka na watu 2 walifariki.

Wapo wanaouliza: kwa nini fedha zitumike kwa ugomvi wa wafalme waliokwisha kufa, na hali skuli na hospitali zina mahitaji? Suala hilo ni la haki. Jawabu ni kwamba miongoni mwa waliokuwamo majumbani siku ile walikuwamo raia, watumishi na watumwa. Wao hawakuacha majumba wala hati. Mahali walipoanguka ndipo panapowakumbusha.

Ndugu wananchi, majengo yetu mengi ya kale ni ya mawe ya matumbawe, chokaa na boriti. Adui yao mkubwa ni maji. Paa likivuja, boriti huoza na chokaa huregea. Anayepaka saruji juu ya chokaa huufungia unyevu ndani ya ukuta. Kuziba paa ni kazi ya fundi mmoja kwa siku chache. Kulisimamisha jengo lililoanguka ni kazi ya miaka. Wazee wamesema: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Misaada ya wafadhili tunaishukuru. Hata hivyo, msaada huja kwa mradi, na mradi una mwisho. Masika hurudi kila mwaka. Tutazame Chapwani, walikozikwa mabaharia wa manowari ya Kiingereza Pegasus, iliyoshambuliwa na manowari ya Kijerumani Königsberg tarehe 20 Septemba, 1914. Kwa askari wao waliokufa katika vita viwili vikuu vya dunia, nchi 6 huchangia Kamisheni ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, kila nchi kwa kadiri ya makaburi yake. Kamisheni hiyo iliundwa mwaka 1917, na mchango haungojei kaburi libomoke.

Kwa hivyo, napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila idara yenye jengo la kale itenge katika bajeti yake fungu la matengenezo madogo, lisilohamishiwa matumizi mengine. Pili, sehemu ya viingilio vya wageni ibakie kwa ajili ya jengo walilolitembelea. Tatu, wakaazi watoe taarifa ya ufa au uvujaji mapema, kabla ya masika.

Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Dunia imeutambua, kuutunza ni wajibu wetu.