Maneno kwa Wafanya Biashara Wadogo wa Lubumbashi

Ndugu zetu, na ninyi mama wa soko,

Kwa nini meza ya mboga inakaa meza miaka kumi, haigeuki duka? Wengine wanasema uvivu. Sisi tunakataa! Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987 ilidai mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya bwana wake mbele ya kutia mkono kwenye mkataba. Basi mkopo uliomba mkono wa bwana. Ikabaki likelemba, nayo inanunua gunia, haijengi duka.

Mwaka 2016 sheria iligeuzwa: bwana na bibi wapatane, hakuna tena ruhusa ya mmoja. Mama, wakikudai barua ya bwana, uliza: bwana akija kukopa, mnamdai barua ya bibi yake?