Kidonda cha Kufichwa: Mpasuko wa Njia ya Haja Kubwa
(Maneno tuliyotoa mbele ya wanachama na wafadhili, katika mkutano wa shirika letu, Baraka)

Leo tuko na habari ya haya. Tunaomba wazee waturuhusu kuisema wazi, maana haya hii imeshatesa watu wetu vya kutosha.

Kuna mama mmoja, mwanachama mwenzetu, aliyerudi toka kambi ya Nyarugusu na watoto wanne. Ametupa ruhusa kueleza habari yake bila kutaja jina. Tulipita kwake kutembelea familia, tukamkuta amekonda. Tulipouliza, alijibu, "Ni malaria tu." Mara ya tatu ndipo alimvuta pembeni mwenzetu wa kike, akamwambia: "Dada, nikienda choo ni kama ninakatwa na chupa. Na damu inatoka. Njo maana ninakula mara moja kwa siku, nisiende choo kila mara." Alikuwa ameishi hivyo miezi minane. Yeye alifikiri ni kansa. Majirani walisema amerogwa.

Haikuwa kansa, wala uchawi. Munganga alimpima akakuta mpasuko wa njia ya haja kubwa.

Mpasuko ni nini? Ndani ya tundu la haja kubwa kuna ngozi laini sana. Choo kikiwa kikavu na kigumu, kinapita kwa nguvu na ngozi inachanika. Kidonda chenyewe ni kidogo, lakini mahali pale pana mishipa mingi ya kusikia maumivu. Mtu anasikia kukatwa wakati choo kinapita, halafu kunawaka moto kwa dakika nyingi, pengine masaa. Damu ni nyekundu, matone machache, juu ya choo au kwenye karatasi.

Sasa shida kubwa iko hapa. Pale pana msuli wa mviringo unaofunga tundu. Ukiumia, unakaza. Ukikaza, damu haifiki vizuri kwenye kidonda, na kidonda hakiponi. Mtu naye anaogopa, anajizuia kwenda choo. Choo kinakaa ndani, kinazidi kukauka, na siku kinapotoka kinachana tena palepale.

Ugonjwa huu unapata wakubwa kwa wadogo. Tunaukuta kwa mama waliojifungua, kwa watoto wanaobana choo, na hata kwa mtu aliyeharisha siku nyingi. Lakini sisi tuliorudi tuko na sababu zetu pia. Choo kimoja kinatumiwa na nyumba nyingi, na mara nyingine hakina mlango, ni gunia tu. Mama anangoja giza, na giza likifika anaogopa kutoka. Foleni ya maji ni ndefu, basi watu wanakunywa kidogo. Na chakula cha siku nyingi ni bugali wa muhogo na ndagala, bila mboga.

Habari njema ni kwamba kidonda kipya mara nyingi kinapona nyumbani, ndani ya wiki chache. Fanyeni hivi:

Kwanza, kunyweni maji safi ya kutosha, karibu litre mbili kwa siku kwa mtu mzima, na zaidi kwa anayelima kwenye jua.

Pili, kuleni maharagi, sombe, matembele, lengalenga, papai na maembe. Ongezeni polepole, tumbo lisijae hewa.

Tatu, choo kikiita, kwendeni. Msikaze kwa nguvu, msikae humo muda mrefu.

Nne, wekeni maji ya vuguvugu ndani ya beseni safi, mkalie dakika 10 mpaka 15, mara mbili au tatu kwa siku, hasa baada ya choo. Pimeni joto kwa kiwiko kwanza. Msitie sabuni wala Omo. Halafu kaushaneni kwa kitambaa safi bila kusugua.

Ikipita wiki sita bila kupona, kidonda kimekuwa sugu. Kwendeni kituo cha afya. Kuna dawa ya kulainisha choo, kama lactulose. Kuna mafuta ya kupaka yanayolegeza ule msuli, kama ya diltiazem au nitroglycerin. Munganga ndiye anayoyaandika, na yanapakwa wiki sita mpaka nane. Yale ya nitroglycerin yanaweza kuumiza kichwa. Yakishindwa, kuna upasuaji mdogo wa msuli hospitalini. Unaponyesha wengi, lakini wachache wanabaki na shida ya kuzuia hewa au choo, basi muulizeni daktari kwanza.

Tuseme pia yasiyofaa. Kumwingizia mtoto maji ya pilipili, tangawizi au mizizi kwa kampira kunaunguza kidonda. Na vidonge vya tramadol vya sokoni vinatuliza maumivu leo, lakini vinakausha choo, na kesho mtu anachanika tena.

Tena, si kila damu ni mpasuko. Inaweza kuwa bawasiri, amiba, kifua kikuu, au kansa kweli. Ukiona damu nyingi au choo cheusi, usaha, homa, uvimbe, au unakonda, usingoje wiki sita.

Na kama kidonda kimetokana na kubakwa, awe mama, baba au mtoto, afike kwa munganga mbele masaa 72 hayajapita, ili apewe dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi. Hata yakipita, aende. Kosa si lake.

Sasa turudi kwa yule mama. Kwa nini alikaa miezi minane? Franga za matibabu zilikuwa ndani ya sanduku letu la kusaidiana. Lakini kanuni yetu inasema anayeomba musaada asimame mkutanoni, ataje ugonjwa wake mbele ya wote. Kanuni hiyo sisi wa timu tulisaidia kuiandika, ili franga zisiibiwe. Hatukufikiria mtu mwenye kidonda cha aina hii. Hapo tulikosa, na tunaomba radhi.

Tunaomba mambo mawili. Kwa wanachama: tuchague mama mmoja na baba mmoja wa kuaminika, ambao mgonjwa ataweza kuwaeleza kwa siri. Mkutanoni isomwe hesabu ya franga tu, si ugonjwa. Tunaomba jambo hilo lipigiwe kura leo.

Kwa wafadhili: mnapohesabu vyoo, hesabuni pia milango inayofungwa kwa ndani, vyoo vya wanawake peke yao, na maji ya karibu. Choo kisicho na mlango kipo kwenye ripoti, lakini mama haingii humo mchana.

Yule mama alipewa dawa ya kulainisha choo na mafuta ya kupaka. Ilichukua miezi miwili. Wiki iliyopita tulimkuta anasonga bugali wa mchana, sombe ikiwa jikoni. Alitukaribisha, na safari hii alikaa chini akala pamoja nasi.