Soma Kibandiko Kabla ya Kuchomeka

(Maneno haya tuliyasema mbele ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia katika siku yao ya mafunzo.)



Leo hatukuja kuongea juu ya mbuzi wa maziwa wala mikopo ya kikundi. Tumekuja na kidude hiki mnachokiona mkononi. Ni ruta, kile kisanduku kinachogawa intaneti ndani ya nyumba. Siku hizi vikundi vingi vinacho, na vingine vimekipoteza kwa sababu moja tu: kilichomekewa adapta isiyo yake.

Tuanze na kisa kilichotupata sisi wenyewe.

Kikundi kimoja cha akina mama wafuga kuku kilichanga pesa, kikanunua ruta na kuiweka kwenye chumba cha mikutano. Watoto walifanyia hapo kazi za shule, vijana waliomba vyeti kwenye eCitizen, na mwezi wa Juni watu walikuja kutuma ritani za kodi kabla ya tarehe 30. Siku moja tulifanya semina pale, tukamaliza jioni, tukafungasha vitu vyetu haraka haraka tukaenda zetu.

Asubuhi yake katibu wao, msichana bado mdogo, alikuta ruta haina waya wa stima. Watu wanangoja mlangoni. Akatafuta huku na huku, asiione adapta. Akachukua chaja ya laptopu ya kaka yake. Kichwa cha waya kilichezacheza kidogo, lakini kiliingia. Akawasha. Taa za ruta ziliwaka kufumba na kufumbua, zikazimika, na harufu ya kuungua ikajaa chumbani.

Mkutano ulikaa Jumamosi. Wengine walisema ameharibu mali ya watu kwa kiburi cha kusoma. Akatozwa shilingi 3,000, bei ya ruta mpya. Hakuwa nazo. Akaacha kuja kikundini, na mama yake naye akaacha.

Habari hizo zilipotufikia, tulifungua mfuko wetu wa semina. Adapta ya ruta ilikuwa ndani, imejiviringisha pamoja na nyaya za spika. Ni sisi tulioibeba! Yule msichana alikuwa analipishwa kosa ambalo mwanzo wake ulikuwa kwetu. Basi tulirudi, tukasimama mbele ya kikundi tukayasema hayo. Haikuwa rahisi, lakini tungenyamaza tungewafundisha nini tena watu wale?

Kisha tukaibeba ruta hadi sokoni kwa fundi wa redio na simu. Kabla ya kufungua chochote aliuliza, "Mliichomekea nini?" Tukampa ile chaja. Akasoma kibandiko: volti 19. Akageuza ruta akasoma chini yake: volti 12. Akacheka kidogo. "Mmemnywesha mtoto dawa ya ng'ombe."

Aliifungua kwa bisibisi, akachukua mita yake. Karibu na tundu la stima kulikuwa na fyuzi ndogo. Akaipima: imekatika. Sisi tukadhani basi, ataweka nyingine tuende. Akasema hapana. Akapima mbele ya fyuzi, mita ikalia. Maana yake waya wa chanya na wa hasi zilikuwa zimegusana mahali fulani, na fyuzi mpya ingekatika papo hapo.

Kilichogusanisha ni daiodi ya ulinzi. Kazi yake ni kukaa mlangoni. Stima ikija na nguvu kupita kiasi, inaipitisha kwake isifike ndani. Ikizidiwa kabisa inaungua, na mara nyingi inapoungua hugeuka kuwa kama kipande cha waya, hapo fyuzi hukatika. Fundi alituambia hivi: "Askari amekufa mlangoni, lakini mwizi hakuingia nyumbani."

Aliitoa daiodi, akapima tena, mita ikanyamaza. Akaweka daiodi nyingine ya kipimo kilekile na fyuzi ya kipimo kilekile. Tukachomeka adapta halali, taa zikawaka moja baada ya nyingine. Alitutoza shilingi 600, na hizo tulilipa sisi.

Lakini msitoke hapa mkisema kila ruta iliyoungua hupona. Ndani kuna sehemu inayoshusha zile volti 12 ziwe chache, kama 3.3 hivi, na kuna chipu kubwa inayofanya kazi yote. Stima kali ikifika kwenye chipu hiyo, gharama ya kutengeneza inaweza kupita bei ya ruta mpya. Fundi mwaminifu atapima kwanza, akuambie ukweli kabla hujalipa.

Haya, sasa tuyashike mambo haya.

1. Volti lazima zilingane. Soma chini ya ruta, kisha soma kwenye adapta mahali palipoandikwa OUTPUT. Usisome INPUT, hiyo ni stima ya ukutani. Kama ruta inataka 12, lete 12.

2. Ampea za adapta ziwe sawa au zaidi, zisipungue. Ruta ya ampea 1 inaweza kutumia adapta ya ampea 2, kwa maana huchukua kiasi inachohitaji tu. Zikipungua, adapta hupata moto na ruta huzimika na kuwaka ovyo.

3. Angalia alama. Mstari ulionyooka wenye vijistari chini yake ni stima ya kwenda upande mmoja, kama ya betri. Alama ya wimbi ni stima ya kwenda na kurudi. Tazama pia kile kichoro cha duara chenye chanya na hasi. Ruta nyingi hutaka chanya iwe katikati, lakini usikisie, linganisha vichoro viwili.

4. Kichwa cha waya kuingia si ushahidi. Viatu vya jirani vinaweza kukuingia, havijawa vyako.

5. Wenye sola, angalieni. Betri tunayoiita ya volti 12, jua likiwa linaichaji, inaweza kupita volti 14. Usiunganishe ruta moja kwa moja. Muulize fundi kifaa cha kutuliza volti.

6. Ukisikia harufu ya kuungua, zima ukutani, chomoa, usijaribu mara ya pili. Na adapta yenyewe usiifungue. Ndani yake huingia volti 240, na sehemu nyingine hubaki na stima hata baada ya kuchomoa.

7. Fundi asiunganishe fyuzi kwa kipande cha waya, wala asiitoe daiodi akaacha pengo. Ruta itawaka kweli, lakini haina askari tena.

8. Kama ruta ni ya kampuni ya intaneti, au bado ina garantii, usiifungue. Irudishe kwao.

Na sasa kuhusu yule msichana. Kikundi kilifuta faini. Mama mwenyekiti mwenyewe alikwenda nyumbani kwao jioni akamwambia, "Mwanangu, tulikuhukumu kabla ya kuuliza. Rudi." Alirudi wiki ya pili. Siku hiyo alikuja na karatasi na gundi, akabandika kwenye kila adapta jina la kifaa chake na volti zake, kwa kalamu nyekundu. Hata spika yetu aliibandika. Tangu hapo hatubebi kitu cha watu.

Kuuliza si ujinga. Kifaa kikiharibika, ulizeni kwanza nini kilitokea, ndipo muulize nani. Mkianza na nani, mtampoteza mtu, na ruta bado itakuwa imekufa.

Maswali ya kuzungumzia kikundini:

- Vifaa vyetu vya stima viko vingapi, na adapta zake zina alama?
- Mali ya kikundi ikiharibika, tuna utaratibu gani wa kusikiliza kabla ya kutoza faini?
- Nani kati yetu anaweza kuwafundisha wenzake kusoma kibandiko?