Mwalimu Akiwa Mbali, Watoto Walelewe Wapi?

Mazungumzo yaliyotolewa kwenye mkutano mkuu wa mwaka, Dar es Salaam



Kamati imeniomba nizungumzie jambo ambalo siku hizi napigiwa simu juu yake kuliko hata mambo ya kodi. Kijana wetu mwalimu, wa kike au wa kiume, amepata mkataba nje ya nchi. Anasoma mshahara, anafurahi, kisha usiku usingizi unakata: familia niiache au niende nayo? Wananiuliza mimi kwa sababu mbili. Kwanza ni mhasibu. Pili, mume wangu anafundisha hisabati na fizikia Dubai, huu ni mwaka wake wa tatu wa masomo, na mimi niko hapa Dar na watoto watatu. Basi wanadhani nina jibu. Ninayo hesabu, na jibu la nyumba yangu. La nyumba yako utalitafuta mwenyewe, lakini naweza kukuonyesha pa kuanzia.

Nianze na fedha, maana ndiko wengi wanakoanzia, na wengi hawaendi mbali zaidi ya hapo.

Mkataba wa Falme za Kiarabu usomwe kwa vipande. Kule hakuna kodi ya mapato kwenye mshahara wako, hilo ni kweli, na dirhamu imefungwa kwenye dola kwa 3.6725, kwa hiyo haikuyumbishi. Lakini mshahara una sehemu ya msingi na sehemu ya posho, na kiinua mgongo kinapigwa kwenye msingi tu: siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka, kwa miaka 5 ya kwanza. Nitumie namba za mfano, si za mume wangu, msije mkaanza kunikopa. Mwalimu analipwa dirhamu 10,000 kwa mwezi, msingi ni 6,000. Akikaa miaka 4 atapata siku 84, kila siku dirhamu 200, jumla 16,800. Yule anayedhani kinapigwa kwenye 10,000 nzima anasubiri 28,000, na nyumba ya Mwanga ameshaichorea ramani.

Kuchukua familia kuna kiwango chake. Unatakiwa uwe na mshahara wa dirhamu 4,000, au 3,000 pamoja na nyumba. Walimu wengi wanakipita, na hapo ndipo wanapodhani mambo yamekwisha. Bado bima ya afya: Dubai mwajiri anamkatia mfanyakazi, wategemezi unawakatia wewe uliyewaleta. Bado kodi ya nyumba, ambayo wengi hulipa kwa hundi chache kubwa za mbele, si mwezi kwa mwezi kama mlivyozoea. Bado shule. Watoto wa wageni kule kwa kawaida husoma shule binafsi, na ada zake zinatofautiana mno. Baadhi ya shule humpa mwalimu wake nafasi ya bure au ya nusu kwa mtoto mmoja au wawili. Uliza hilo kabla ya kusaini, na liandikwe ndani ya mkataba. Ukiwa na watoto watatu na nafasi ni moja, huna haja ya mhasibu.

Marekani ni kinyume. Anayekwenda kwa mpango wa kubadilishana walimu hupewa miaka 3, na inaweza kuongezwa mwaka mmoja au miwili. Watoto wake husoma shule za umma bila ada, na mwenzi wake anaweza kuomba kibali cha kufanya kazi. Kwenye karatasi inapendeza. Ila muda wake una mwisho unaojulikana, na mtoto aliyeingia darasa la tano utamrudisha akiwa kwenye umri wa sekondari. Na mkipata mtoto kule, anazaliwa raia wa Marekani. Sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo siku moja atatakiwa kuchagua.

Sasa niingie ndani ya nyumba yangu. Mkataba wa mume wangu ulianza Agosti. Binti yetu mkubwa alikuwa darasa la saba, na mtihani ni Septemba. Wa kati alikuwa darasa la tatu. Mdogo alikuwa na miaka miwili, hajui hata baba anasafiri maana yake nini. Tulikaa mezani siku tatu baada ya watoto kulala, tukaandika kwa kila mtoto peke yake, si kwa familia kwa jumla. Hilo ndilo ninalowaambia wote wanaonipigia. Hakuna mji unaofaa familia. Kuna mji unaomfaa mtoto wa miaka miwili na unaomharibia wa miaka kumi na mitatu.

Mdogo angeweza kwenda popote, mradi mama yupo. Wa kati angeweza kwenda pia, lakini mtoto anayetoka shule za huko akiwa na Kiingereza kizuri na Kiswahili cha kuunga, akirudi anakuta Kiswahili ni mtihani. Mkubwa ndiye aliyetufunga. Kumtoa Agosti ni kumkosesha mtihani wa Septemba. Kumpeleka baada ya hapo ni kumwingiza kwenye mitaala ya kigeni, na akitaka kurudi kidato cha tano, matokeo yake ya nje lazima yapelekwe Baraza la Mitihani la Taifa yalinganishwe kwanza. Inawezekana, wapo waliofanya hivyo. Lakini ni mtoto atakayebeba mzigo huo, na mtoto hakusaini mkataba.

Kisha upande wangu. Wakati ule nilikuwa nimechangia NSSF miezi 156. Pensheni ya uzee inahitaji michango ya miezi 180. Nilibakiza 24, yaani urefu wa mkataba mmoja wa miaka miwili. Mtu anaweza kuendelea kwa hiari, ni kweli, ila ukichangia kidogo na mafao nayo yanakuwa madogo. Kina mama, nawaomba mnisikilize hapa. Ninapoletewa hesabu za familia inayohama, mara nyingi naona mshahara wa anayeajiriwa kule umeandikwa kwa wino mwekundu hadi senti, na kazi ya mwenzi anayeacha huku imeandikwa sifuri, kana kwamba kuacha kazi ni bure. Andikeni namba yake. Baada ya hapo mkiamua kuondoka, ondokeni kwa amani.

Kuna jambo lingine ambalo sikuliona kwenye mkataba wala kwenye kitabu chochote cha uhasibu: saa na likizo. Dubai imetutangulia saa moja tu. Huku ikiwa saa moja jioni, kule ni saa mbili. Baba yao amekwisha kula, anafungua simu, anamwelekeza binti yake milinganyo mpaka nasema inatosha, mtoto alale. Mwalimu aliyeko North Carolina, saa hiyohiyo kule ni saa tano asubuhi, au saa sita kulingana na majira. Yuko darasani na watoto wa wenzake. Kuhusu likizo, shule za Dubai hufunga Julai na Agosti, joto linapopita nyuzi 40, na zetu zinafunguliwa mwanzoni mwa Julai. Kwa hiyo baba anakuja wakati watoto wanasoma. Mwanzoni nililalamika, sasa nimelizoea: wiki zile yeye ndiye anayewapeleka shule, anakwenda kwenye vikao vya wazazi, anapika makande ambayo watoto wanasema yamezidi mahindi. Desemba ndipo likizo zinapokutana, na Desemba sisi hatubaki Dar. Tunapanda Usangi.

Uamuzi wetu basi ulikuwa huu: watoto wabaki Dar, baba awe na mikataba miwili isiyozidi miaka minne, na Desemba yote iwe ya nyumbani. Una gharama zake. Mdogo ana miaka minne sasa, na kuna siku alimpelekea mgeni simu akasema, "Ongea na baba." Alidhani baba anakaa ndani ya simu. Tulicheka, kisha mgeni alipoondoka sikucheka tena.

Lakini kulikuwa na njia ya tatu, na hiyo ndiyo iliyonileta mbele yenu leo. Mama mkwe wangu aliitaka. Alisema, "Nileteeni watoto, shamba lipo, maziwa yapo, na mtoto wa Mpare asiyejua Chasu ni mgeni kwangu." Mjue kwamba kwa hesabu tupu, Usangi ilishinda. Hakuna kodi ya nyumba, hewa safi, bibi mwenye nguvu, ndugu kila mlango. Mimi ningekuja mwisho wa mwezi. Ilishindwa mahali pamoja tu. Binti alikuwa anakaribia kidato cha kwanza, na sekondari yetu ya kata wakati huo haikuwa na mwalimu wa fizikia. Mama mkwe alinyamaza nilipomwambia. Alikuwa anajua.

Mwaka jana nje ya ukumbi huu mzee mmoja alinishika mkono, akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, mumeo anawafundisha fizikia watoto wa Dubai. Wa kwetu anawafundisha nani?" Nilimjibu, "Mzee wangu, alikuwepo kijana wa Songea." Yeye hakuwa na habari zake, na labda wengi humu hamna pia, kwa hiyo niwaeleze.

Serikali ilituletea mwalimu wa fizikia kutoka Songea. Mke wake ni muuguzi hukohuko, na walikuwa na mtoto mchanga. Alipanga chumba kimoja, jiko liko nje, na mnajua Julai yetu ukungu unavyoshuka. Maji aliyafuata kwa ndoo. Watu walimsalimia Chasu, akawa anaitikia kwa kukisia. Tuseme ukweli, yule kijana alikuwa anafundisha ughaibuni. Mume wangu kutoka Dubai anafika Dar kwa saa tano na nusu hivi za ndege. Yule kwenda kumwona mtoto wake ni siku mbili za basi. Naye alikaa chini akapiga hesabu ileile tuliyopiga sisi: mke aache kazi ya uuguzi aje wapi? Walale wapi? Mtoto akiugua usiku? Baada ya mwaka mmoja na nusu aliomba uhamisho, na mimi siwezi kumlaumu, kwa sababu kwa hesabu yake hata mimi ningeomba.

Ndiyo maana naunga mkono nyumba ya walimu, na sijaficha kwamba sikuunga mkono pendekezo la ukumbi. Ukumbi tutautumia kwa harusi na misiba, jambo zuri, na unaweza kusubiri. Kinachopendekezwa ni nyumba moja ya familia mbili, kila upande na vyumba vyake, jiko la ndani na tanki la maji ya mvua. Kiwanja kimetolewa kando ya shule. Mawe na mchanga vimeshaanza kukusanywa kwa msaragambo, kama babu zetu walivyochimba ndiva. Niliiomba kamati mambo mawili, na yote yamekubaliwa. La kwanza, kila upande uwe na chumba cha watoto. Ramani ya mwanzo ilikuwa na chumba kimoja na sebule, yaani tulikuwa tunajenga nyumba ya mwalimu anayesubiri uhamisho. La pili, kabla nyumba haijaisha, viongozi wetu wafike kwenye zahanati na shule ya msingi waulize nafasi zilizopo. Mwalimu tunayemtaka anaweza kuwa na mwenzi ambaye naye ana taaluma, na tukijua mapema pana upungufu wa muuguzi, tutajua familia ya aina gani ya kuiombea kwa mkurugenzi.

Kuhusu fedha, makisio atayasoma mweka hazina baada yangu. Mimi nimekubali kukagua hesabu bila malipo. Kila mchango uingie benki, hakuna wa mkononi, na kila anayechanga apate stakabadhi yenye namba, hata kama ni elfu tano. Mlio nje ya nchi, tuma kisha mpigie katibu simu siku hiyohiyo, usingoje mwisho wa mwezi. Mwaka uliopita tulikuwa na michango miwili iliyokaa bila jina kwa muda mrefu.

Sisi nyumbani kwetu tumeahidi bati za upande mmoja. Upande wa pili bado hauna mwenyewe, na fomu za ahadi ziko kwenye meza ya mlangoni. Msaragambo wa kumalizia msingi utakuwa Jumamosi ya kwanza baada ya Krismasi, saa moja asubuhi, kila kaya ilete jembe au karai. Mwalimu wa Dubai atakuwepo. Amesema atabeba mawe. Kina mama mtakaokuwa kwenye makande mnisaidie kuhesabu.